Kasoro ipi izuie toleo? Masharti ya usakinishaji wa mfumo endeshi

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Timu yetu inatengeneza mfumo endeshi unaotokana na Debian (mfumo huria wa Linux), ila kisakinishi na skrini za usanidi wa mara ya kwanza tumeviandika wenyewe. Kila tunapokaribia kutoa toleo tunaingia kwenye ubishi: huyu anasema kasoro fulani izuie toleo, yule anasema tulitoe tutarekebisha baadaye. Masharti tuliyonayo yanasema "usakinishaji uwe rahisi na usiwe na hitilafu kubwa". Tuyaandikeje ili yatusaidie kuamua?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Ubishi huo hauletwi na ukaidi wa wenzako, unaletwa na hiyo sentensi yenyewe. "Hitilafu kubwa" kila mtu anaipima kwa mzani wake. Aliyeandika msimbo anaiona ndogo kwa sababu anajua mstari wa kubadilisha. Anayejibu malalamiko ya watumiaji anaiona kubwa kwa sababu anajua kesho ataulizwa yeye. Na mkikaa kuamua wakati tarehe imeshatangazwa, tarehe nayo inapiga kura. Sharti la toleo ni uamuzi mnaoufanya mapema, kabla hamjajua kasoro itakuwa ipi wala ya nani. Likiandikwa vizuri, siku ya mwisho kinachobaki ni kusema limetimia au halijatimia.

Kabla ya kuandika hata moja, kubalianeni kwa nini usakinishaji unahitaji masharti ya peke yake. Kivinjari kikitoka na kasoro, kesho mnatuma sasisho na yaliyopita si ndwele. Kisakinishi hakina kesho hiyo. Kikishafungwa ndani ya faili ya ISO (nakala nzima ya diski ya usakinishaji), watu wakaipakua, wakaiandika kwenye flashi na kuazimana, hamna tena mkono wa kukifikia. Mwakani kuna mtu ataichomeka flashi ile ile na kasoro itakuwa mbichi kama siku ya kwanza. Kwa hiyo swali ninalopimia kila kasoro ni hili: je, sasisho litamfikia mtumiaji kabla kasoro haijamdhuru? Kama litamfikia, iandikeni kwenye maelezo ya toleo muendelee. Kama halitamfikia, inazuia.

Picha ya eneokazi imevutwa vibaya kwenye skrini pana: sasisho litafika, ipite. Kisakinishi kinaanguka mtu akichagua saa za eneo fulani: halitafika, kwa kuwa mfumo wenyewe haujakuwepo. Hapo hakuna ugumu. Ugumu uko kwenye kompyuta mpakato isiyo na tundu la kebo ya mtandao, ambayo baada ya usakinishaji Wi-Fi yake haishiki. Wengi watasema hiyo ni kasoro ya draiva, haihusu kisakinishi. Lakini kilichokatika ni njia ya sasisho lenyewe, basi inazuia. Kila kilichomo kwenye njia hiyo kihesabiwe kuwa sehemu ya usakinishaji: mtandao, funguo za kuhakiki vifurushi vya programu, nafasi kwenye diski, hata saa ya kompyuta. Saa ikiwa nyuma, APT, programu ya Debian ya kupakua masasisho, inaona faili za hazina zina tarehe ya mbele na inazikataa, na mtumiaji anaambiwa habari za tarehe ambazo hazielewi. Debian wenyewe walipiga kura mwaka 2022 kuruhusu famuwea (programu ndogo zinazoendesha vifaa kama kadi ya Wi-Fi) zisizo huria ziwemo kwenye faili rasmi za usakinishaji, na Debian 12 ya Juni 2023 ikatoka hivyo. Hoja kubwa ilikuwa hiyo hiyo: bila famuwea, kompyuta nyingi zinakosa mtandao tangu mwanzo.

Mfano wa kasoro ambayo sasisho halikuweza kuifuta ni Ubuntu 17.10, iliyotoka Oktoba 2017. Keneli yake, yaani kiini cha mfumo, ilikuwa na draiva ya intel-spi ambayo kwenye baadhi ya kompyuta mpakato, nyingi zikiwa za Lenovo, iliifanya BIOS (programu inayowasha kompyuta) ishindwe kuhifadhi mabadiliko. Baadhi hata zikashindwa tena kuwaka kutoka kwenye flashi. Keneli iliyorekebishwa ilitumwa kwa waliokwisha kusakinisha, lakini faili za ISO hazikuwa na dawa. Ilibidi ziondolewe Desemba, na mpya zikaja Januari 2018.

Kuna mtego wa pili ambao timu nyingi zinaingia kwa miguu yao: kupima kasoro kwa wingi wa waliokutana nayo. Oktoba 2018 Microsoft walianza kutoa Windows 10 toleo 1809, wakalisimamisha siku chache baadaye kwa sababu baadhi ya watu walipandisha toleo wakakuta faili zao zimefutika. Kwa hesabu ya Microsoft wenyewe, ripoti za kupotea faili zilikuwa sehemu moja ya mia ya asilimia moja. Kwa kipimo cha wingi, kasoro hiyo ingepita bila kuulizwa. Tena haikuwa siri kabisa: kulikuwa na watu wa programu ya majaribio walioiripoti mapema, ripoti zao zikamezwa na nyingine zenye kura nyingi. Baadaye Microsoft wakaongeza kwenye programu yao ya maoni sehemu ya mtumiaji kueleza ukubwa wa madhara. Toleo likarudi Novemba 13.

Kwa hiyo msiandike asilimia popote panapohusu data za mtu. Kwenye ukurasa wa kwanza wekeni: kasoro yoyote inayoweza kufuta au kufungia data ambazo mtumiaji hakukubali zifutwe inazuia, hata ikiwa imeonekana kwenye kompyuta moja. Asilimia ziwekeni kwenye mambo kama kasi na rangi za skrini, kama mnazitaka.

Sasa uandishi wenyewe. Sharti zuri linataja hali ya kompyuta kabla, kitendo cha mtumiaji, na kinachopaswa kuonekana baada. Chukua "kisakinishi kigawe diski vizuri". Mimi ningeliandika hivi (GPT ni mpangilio wa kisasa wa kugawa diski):

"Kwenye diski moja ya GPT yenye Windows iliyozimwa kikamilifu na nafasi tupu ya GB 40, mtumiaji akichagua kusakinisha pembeni ya Windows, kisakinishi kitumie nafasi tupu pekee, na baada ya hapo mifumo yote miwili iwake kutoka kwenye menyu."

Fedora, mfumo mwingine wa Linux, wana sharti linalokaribia hilo, na wamelibana kwa makusudi kwenye Windows iliyo safi. Kubana huko ndiko kunakolifanya lipimike. Angalia pia neno "kikamilifu". Windows ya kawaida mtu akiizima haizimi yote. Ile huduma ya kuwaka haraka inaacha mfumo wa faili ukiwa kama umelala, na kuupunguza ukiwa hivyo ni kucheza na data za mwenyewe. Hapo linazaliwa sharti la pili: kisakinishi kikikuta NTFS (mfumo wa faili wa Windows) iliyolala, au patisheni (sehemu ya diski) iliyofungwa kwa BitLocker (usimbaji fiche wa Windows), kikatae kuipunguza na kieleze sababu kwa lugha ya mtumiaji. Kukataa kwa adabu ni tokeo halali kabisa, nalo liandikwe, la sivyo mtu atafungua tiketi akisema kisakinishi kimeshindwa.

Kugawa diski kwa mkono ni msitu mwingine. LVM juu ya RAID (njia za kuunganisha diski), juu yake usimbaji fiche, Btrfs (mfumo wa faili) yenye vijisehemu vyake. Michanganyiko haiishi, na atakayeahidi yote itafanya kazi hatatoa toleo maishani. Chagueni mipangilio michache mnayoibeba, iandikeni kwa majina, na kwa iliyobaki sharti liwe dogo: mpangilio usiowezekana ukataliwe bila kisakinishi kuanguka. Basi.

Lakini sharti ninalolithamini kuliko yote katika eneo hili ni hili: hakuna kinachoandikwa kwenye diski yoyote kabla mtumiaji hajathibitisha kwenye skrini ya mwisho, na skrini hiyo itaje kila diski itakayoguswa kwa modeli na ukubwa wake. "sda" (jina la diski katika Linux) peke yake haimwambii mtu kitu, hasa mwenye diski mbili na flashi ya bekapu imechomekwa. Kulipima ni rahisi. Tengenezeni diski ya mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta) yenye mfumo mwingine ndani, pigeni sha256sum (namba inayotambulisha yaliyomo) ya faili yake, endesheni kisakinishi hadi skrini ya mwisho, kisha ghairini na kupiga sha256sum tena. Namba zikitofautiana, kuna kitu kimeandika. Mara nyingi mkosaji ni kipengele cha kutambua mifumo iliyomo: kinapachika patisheni ya ext4 (mfumo wa faili wa Linux) ili kuchungulia, na ext4 ambayo haikufungwa vizuri inacheza upya jarida lake (kumbukumbu ya maandishi yasiyokamilika) wakati wa kupachikwa hata ukiomba isomwe tu. Ikiwa mfumo huo umelazwa na unangoja kuamka, mmeshaubadilishia diski ukiwa usingizini. Kwa hiyo diski ya jaribio iwe iliyozimwa kwa ghafla. Iliyofungwa vizuri itawapa jibu zuri lisilo la kweli.

Kuna jaribio jingine linalodanganya, na hili nimeliona likipita mbele ya wapimaji makini. Mtumiaji anachagua kibodi ya Kifaransa, anaomba diski isimbwe, anaandika nywila. Usakinishaji unaisha salama. Kompyuta inawaka, inaomba nywila ya diski, naye anaandika ile ile kwa vidole vile vile, inakataliwa. Anarudia, inakataliwa. Skrini inaonyesha nukta tu, hivyo hawezi kujua kwamba hatua ile ya mwanzo imeanza na kibodi ya Kimarekani: alipobonyeza A imeingia Q, alipobonyeza tarakimu imeingia alama nyingine kabisa. Ataapa kwamba nywila ameisahau. Sasisho halitamfikia kamwe, maana mfumo uko nyuma ya mlango uliofungwa.

Wapimaji walikosaje kuiona? Nywila yao ya majaribio ilikuwa "test". Herufi t, e na s zimekaa mahali pamoja kwenye kibodi ya Kifaransa na ya Kimarekani, na kwenye ya Kijerumani pia. Jaribio lilikuwa la kijani kila mara. Basi sharti liseme kwamba kibodi iliyochaguliwa itumike kwenye kisakinishi, kwenye kufungua diski, kwenye skrini ya kuingia na ndani ya eneokazi; na maelezo ya jaribio yaagize nywila yenye a, z, m, tarakimu na alama. Sharti zuri lenye jaribio legevu ni sawa na halipo.

Usanidi wa mara ya kwanza una masharti machache kuliko watu wanavyodhani. Mtumiaji aweze kuruka hatua ya mtandao na bado afike kwenye eneokazi. Asitoke mwishoni bila akaunti yoyote inayoweza kusimamia mfumo, wala asipewe akaunti ya usimamizi isiyo na nywila. Na umeme ukikatika katikati ya skrini hizo, kompyuta ikiwaka irudi kwenye usanidi, isimtupe kwenye skrini ya kuingia isiyo na jina hata moja. Hili la mwisho lijaribiwe kwa kuikatia mashine pepe umeme kwenye kila skrini. Ni kazi ya asubuhi moja na huwa inafichua mambo. Kisoma skrini kiweze kuwashwa tangu skrini ya kwanza, kwa sababu asiyeona hana njia ya kusubiri sasisho. Tafsiri nazo zifungwe mapema na kila lugha isomwe na mtu wa pili: Oktoba 2023 Ubuntu waliondoa faili za eneokazi za 23.10 mara tu baada ya kuzitoa, kwa kuwa mchangiaji wa nje alikuwa amepenyeza maneno ya chuki kwenye tafsiri ya Kiukraini ya kisakinishi.

Kuhusu vifaa nitakuwa mfupi, kwa kuwa orodha yenu itategemea mnaowahudumia. Andikeni ni vipi vinavyozuia na vipi ni bahati nasibu: UEFI (mrithi wa BIOS), BIOS ya zamani kama bado mnaibeba, Secure Boot (ukaguzi wa saini za programu za kuwasha) ikiwa imewashwa, diski za NVMe, na kompyuta za Intel zilizowekwa VMD (kidhibiti cha diski cha Intel) ambazo kisakinishi kisipokuwa na draiva hakioni diski kabisa. Mkitangaza kwamba GB 2 za RAM zinatosha, basi jaribieni kwa GB 2 kamili na si zaidi. Msitegemee mashine pepe peke yake. Famuwea yake ya kuwasha ni ya kistaarabu mno. Za kweli ziko zinazosahau ingizo la kuwasha mlilosajili, na kinachowaokoa ni nakala ya kianzishi (programu inayowasha mfumo) kwenye njia ya akiba ya EFI/BOOT/BOOTX64.EFI. Secure Boot ina jambo la ziada: ISO yaweza kufa baada ya kutolewa ikiwa nzima. Agosti 2024 sasisho la Windows lilibatilisha vianzishi vya zamani vya Linux, na kompyuta kadhaa zenye mifumo miwili zikagoma kuwasha Linux, flashi za usakinishaji zikiwemo. Sharti lenu ni kwamba siku ya kutoa toleo, shim (kianzishi cha kwanza kinachokubaliwa na Secure Boot) iliyomo iwe ya kizazi kisichobatilishwa, na pawepo mtu aliyepewa kazi ya kutengeneza ISO mpya hilo likitokea.

Labda unajiuliza kwa nini msiazime tu ngazi za Debian, yaani kasoro zinazoitwa critical, grave na serious ndizo zizuie. Zinafaa kwa vifurushi na mziheshimu, ila zinapima kifurushi kimoja kimoja. Safari ya mtumiaji haiko humo. Ile ya kibodi ingeweza kukaa miezi kwenye kifurushi cha usanidi wa konsoli ikiwa na ngazi ya kawaida, kwa sababu kifurushi chenyewe kinafanya kazi. Upande wa mpangilio, napenda zaidi wa Fedora: masharti ya msingi ambayo kila ISO ya majaribio lazima iyatimize, ya beta (toleo la majaribio kwa umma), kisha ya mwisho, kila ngazi ikibeba iliyotangulia. Beta inaweza kutoka bila kusakinisha pembeni ya Windows. Beta haiwezi kutoka ikifuta diski ambayo haikuchaguliwa. Na hizo ngazi zinawalazimisha kuona tatizo mapema. Fedora 18, iliyokuja na kisakinishi kilichoandikwa upya, ilipangwa kutoka Novemba 2012 na ikatoka Januari 15, 2013. Nyie mkibadilisha sehemu kubwa ya kisakinishi, pangeni pia tarehe ambayo ikifika masharti ya beta hayajatimia mnarudi kwenye kisakinishi cha zamani, na hakikisheni bado kinajengeka.

Kwa upande wa uamuzi, tenganisheni maswali mawili ambayo huwa yanachanganywa. Moja ni kama kasoro inazuia toleo. Jingine ni kama rekebisho lake liruhusiwe kuingia baada ya msimbo kufungwa. Kasoro isiyozuia inaweza kuwa na rekebisho dogo salama, likaruhusiwa. Lakini hakuna anayesubiriwa kwa ajili yake. Kila tokeo la jaribio liandikwe pamoja na sha256 ya ISO iliyojaribiwa. ISO ikibadilika, masharti ya diski na kuwasha yanajaribiwa upya yote, hata mkiambiwa kilichobadilika ni picha ya mandharinyuma. Hayo ndiyo ya kuyafanya ya kiotomatiki kwanza; openQA, inayotumiwa na openSUSE na Fedora, inaendesha kisakinishi kwenye mashine pepe na kulinganisha skrini na zinazotarajiwa. Kazi ya mikono ibaki kwenye vifaa vya kweli.

Kasoro itakayogunduliwa siku moja kabla? Andikeni kanuni yake leo. Yangu ni kwamba inayogusa data au njia ya sasisho inazuia hata ikiwa imebaki saa moja. Nyingine yoyote iliyoonekana baada ya siku mliyokubaliana inahamia kwenye masharti ya toleo lijalo. Mkilazimika kulivuka sharti, aliyeamua aandike jina lake na sababu kwenye tiketi. Sharti lililovukwa matoleo mawili mfululizo lifutwe au litafutiwe mtu wa kulitimiza, maana likibaki hivyo litawafundisha wenzako kwamba na mengine yanavukika.

Mwanzo wenu usiwe karatasi tupu. Toeni tiketi zote za usakinishaji za matoleo mliyokwisha kutoa, ipitisheni kila moja kwenye lile swali la sasisho, na kwa kila iliyojibu "halitamfikia" andikeni sharti ambalo lingeizuia. Kisha mpeni mtu asiyejua msimbo wenu ISO ya toleo lililopita pamoja na orodha hiyo, awaambie lipi limetimia. Sharti atakalokuja kuwauliza maana yake, liandikeni upya.